Nehemia Alitembea Kwanza

Nikisomea biashara chuoni, tuliingia Mukuru na fomu za maswali. Mama mmoja muuza mboga akaniuliza, "Kijana, wale wa mwaka jana walituuliza haya haya. Majibu yalienda wapi?" Nikanyamaza. Nilipata alama nzuri, na sikurudi.

Soma Nehemia 2. Alizunguka usiku akiukagua ukuta uliobomoka, ndipo akawaita watu wajenge pamoja naye. Hakuja kuwajengea! Mukuru ilipotangazwa eneo maalum la mipango mwaka 2017, vyuo vikuu viliketi na Muungano wa Wanavijiji, wakazi wenyewe wakisema lipi lianze.

Jumamosi vijana wetu wa chuo wanaenda huko. Nitaenda nao. Yule mama, kama bado yuko, ana deni langu.