Je, Ni Halali Kuhatarisha Uhai kwa Ajili ya Furaha?

Tarehe 13 Novemba mwaka 2011, katika milima ya Wasatch iliyo katika jimbo la Utah nchini Marekani, alikufa mtu aitwaye Jamie Pierre. Jina lake lilikuwa mashuhuri kwa wapenzi wa michezo ya theluji, kwani mwaka 2006 aliruka kutoka juu ya jabali lenye kimo cha futi 255 akiwa na skii miguuni, akazama thelujini chini, akatolewa mzima. Lakini mauti hayakumjia kwa njia ya mruko kama ule. Yalimjia siku ya kawaida mwanzoni kabisa mwa majira, akiwa juu ya ubao wa kutelezea, mahali paitwapo Snowbird, kabla kituo hicho hakijafungua milango yake kwa mwaka ule. Theluji ilikatika, ikamchukua na kumburuta juu ya miamba. Alikuwa na umri wa miaka 38, akaacha mjane na watoto.

Hatumtaji marehemu ili tumhukumu. Aliye Hakimu ni mmoja, wala si mhariri wa gazeti. Tunamtaja kwa sababu kifo chake kinatuwekea mbele swali ambalo wanateolojia wamelitafakari tangu zamani: Je, mtu aliyepewa uhai na Mungu Mwenyezi ana ruhusa ya kuuweka hatarini, si kwa ajili ya imani, si kwa ajili ya jirani, wala si kwa kutafuta riziki, bali kwa ajili ya furaha tu?

Kwa faida ya msomaji asiyeijua theluji ila ile anayoiona kwa mbali juu ya Kilimanjaro, inafaa tueleze kidogo mchezo wenyewe. Ulianza kama kitu cha watoto. Siku ya Noeli ya mwaka 1965, katika mji wa Muskegon huko Michigan, Bwana Sherman Poppen aliziunganisha skii mbili ili binti zake wateleze kilimani wakiwa wamesimama. Kutokana na jambo hilo dogo ulizaliwa mchezo ulioingizwa katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Wengi huucheza katika vituo vyenye viti vya waya, ambapo walinzi hukagua miteremko kila asubuhi. Wachache hawaridhiki na hayo. Huamka usiku, hupanda kwa miguu yao wenyewe saa nne au tano hadi mlimani pasipo mlinzi wala njia, kisha hushuka mara moja, kwa dakika chache tu, juu ya theluji isiyokanyagwa na mtu. Aliyewahi kuzungumza nao atakiri kwamba si wahuni. Wengi wao ni watu wa taratibu, wenye kupenda kimya na mapambazuko, nao huusema mlima kwa heshima ambayo twatamani kuisikia mara nyingi zaidi kanisani.

Sasa, mwezi wa Novemba una mtego wake wa pekee, na mtego huo wastahili kuelezwa kwa kirefu, kwani ndani yake mna fundisho la roho pia. Theluji ya kwanza huanguka Oktoba. Upande wa mlima unaopigwa na jua huyeyuka yote, ardhi ikabaki wazi. Upande wa kivuli hubaki, lakini ni tabaka jembamba tu. Usiku wa mbingu safi hewa huwa baridi kali, nayo ardhi iliyo chini bado ina ujotojoto wa kiangazi. Basi mvuke hupanda kutoka chini kwenda juu kupitia lile tabaka, na chembe za theluji hubadilika umbo, zikawa kubwa, ngumu na zisizoshikamana, mfano wa sukari ya mawe iliyopondwa. Kisha huja dhoruba ya Novemba. Upepo hurundika theluji mpya juu ya ile sukari, ikawa kama ubao mzito uliowekwa juu ya gololi. Kwa macho mlima umependeza. Mtu akipita juu yake mahali penye mwinamo wa digrii 30 hadi 45, uzito wake peke yake watosha kuuvunja ubao huo, na upande mzima wa mlima ukashuka pamoja naye.

Jambo la kutisha ni hili: mwanzoni mwa majira, miteremko yenye theluji ya kutosha kutelezea ni ile ile iliyohifadhi theluji ya Oktoba, yaani ile ile yenye msingi mbovu. Pale ambapo hapana hatari, hapana theluji. Anayetafuta furaha hiyo mwezi huo huongozwa na tamaa yake mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka mahali hasa ambapo ardhi imetegwa. Tena kuna mawe. Mwezi wa Februari yamefunikwa kwa mita 2 au 3. Novemba yamefunikwa kwa kiasi cha kuyaficha tu.

Wako wakali watakaosema: Hapa hapana swali. Uhai ni amana, Amri ya Tano ni wazi, na wote wakae nyumbani. Sisi hatukubaliani nao, wala Kanisa halikupata kusema hivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye hakuna awezaye kumwita mpenda anasa, alifundisha kwamba mchezo ni pumziko la roho kama vile usingizi ulivyo pumziko la mwili, na kwamba asiyejua kucheza kabisa ana kasoro ya adili. Padre Achille Ratti wa Milano, alipokuwa na umri wa miaka 32, aliupanda Monte Rosa, wenye kimo cha mita 4,634, kwa upande wa mashariki unaoogopwa kwa maporomoko yake. Ilikuwa mwaka 1889. Giza liliwakuta juu, naye pamoja na wenzake wakakesha mwambani katika baridi hiyo mpaka kulipokucha. Mwaka 1922 padre huyo akawa Papa Pio XI, na mwaka uliofuata akamtangaza Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima. Hali kadhalika kijana Pier Giorgio Frassati wa Torino, aliyewahudumia maskini wa mji wake na kufa mwaka 1925, alipenda skii na kamba za mlimani kwa moyo wote, na tarehe 7 Septemba mwaka 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza kuwa Mtakatifu. Hakuna aliyemtaka atubu milima yake kwanza.

Basi furaha ni jema la kweli, na jema la kweli laweza kudai gharama. Lakini gharama kiasi gani? Hapa ndipo Mtakatifu Tomaso anapogeuza uso wake upande wa pili. Yeye huweka ushujaa katikati ya dhambi mbili: mbele kuna woga, na nyuma kuna ujasiri usio na akili. Tena husema kwamba ajitiaye hatarini pasipo haja wala faida, akitegemea Mungu atamtoa, humjaribu Mungu. Nasi twamkumbuka Ibilisi aliyempandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamshauri ajitupe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 hutuagiza tuutunze mwili kwa kiasi, hutuonya tusiufanye kuwa sanamu ya kuabudiwa kwa ajili ya ushindi wa michezo, na huwashutumu wanaohatarisha wengine kwa kupenda mwendo wa kasi barabarani, baharini au angani. (Milima haikutajwa. Labda waandishi walidhani mlima hujisemea wenyewe.) Papa Pio mwenyewe, katika maandiko yake ya ujana, alishika kwamba upandaji wa kweli si kazi ya wavunja shingo, bali kwanza ni kazi ya busara, ushujaa ukiongezwa kidogo tu.

Kwa maoni yetu, basi, dhambi haiingii kwa mlango wa hatari. Huingia kwa mlango wa uongo. Mchunguzi mmoja wa Marekani, Ian McCammon, alikusanya habari za ajali 715 za maporomoko zilizowapata watu wa michezo nchini mwake kati ya mwaka 1972 na 2003, akauliza kwa nini watu waliofundishwa kuzitambua dalili walizipita kana kwamba hawazioni. Alizoziona si sababu za theluji, bali za moyo. Mahali ni pa mazoea, basi pamedhaniwa kuwa salama. Tumekwisha kupanda saa nne, basi haya kurudi. Kiongozi ni hodari, basi nani atamwuliza? Kundi jingine laja nyuma, basi tuwahi kabla hawajaiharibu theluji. Kila mmoja ataka kupendeza mbele ya wenzake. Mtu aliyezoea kiti cha kitubio atazitambua sababu hizi zote. Ni kiburi, tamaa na kutafuta sifa, zikiwa zimevaa nguo za baridi.

Na mwanzoni mwa majira tamaa ina nguvu maradufu. Mtu amengoja tangu mwezi wa Mei. Ameupaka ubao nta jioni nyingi, ameziangalia picha za mwaka jana, na sasa juu ya mlima pameonekana weupe. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Wawaze watu wanne wamesimama ukingoni mwa mteremko asubuhi ya Novemba. Walipokuwa wakipanda, theluji iliguna chini ya miguu yao, mguno mzito kama wa gunia la nafaka likitua sakafuni, na ufa ukakimbia mbele yao. Wote wanne wamesikia. Wote wanne wamefundishwa maana yake: lile tabaka la chini limebomoka. Hakuna aliyesema neno. Kila mmoja amtazama mwenzake, na kwa kuwa mwenzake amenyamaza, yeye naye amenyamaza. Hapo ndipo tunapotaka kuiweka Amri ya Tano, na hata ile ya Nane. Kuonyana kidugu ni tendo la mapendo, na asiyelifanya kwa kuogopa kuchekwa amemnyima ndugu yake haki yake.

Kwani mtu hafi mlimani peke yake. Uchunguzi wa nchini Uswisi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba katika watu 100 waliofukiwa, 92 walikuwa hai wakifukuliwa ndani ya dakika 15. Kufika dakika 35 walisalia 30 tu. Uchunguzi wa karibuni umeipunguza nafasi ya kwanza kuwa dakika 10. Hakuna helikopta ifikayo kwa muda huo. Atakayemfukua ni yule yule aliyenyamaza naye ukingoni, kwa beleshi, kwa fimbo ya kupimia, na kwa chombo kidogo cha redio kifuani, mikono ikimtetemeka. Baadaye watapanda waokoaji wasiomjua, wapite chini ya miteremko ile ile iliyobaki bila kushuka. Tangu karne ya 11 wakanoni wa Mtakatifu Bernardo wamekaa katika nyumba yao kwenye njia ya juu ya milima ya Alpi, mita 2,469, wakiwatafuta wasafiri waliopotea. Hawakumwuliza mtu kwanza kama alikuwa mwenye busara ndipo wamfukue. Lakini huruma ya mwokoaji si mali ya mtelezi ya kutumia apendavyo. Anayepanda huhesabu uhai wa watu ambao hajawaona.

Yabaki swali la baba mwenye watoto, nasi tunakiri kwamba ni gumu kuliko yote yaliyotangulia. Mvuvi huwaacha wanawe pwani akaenda baharini, na hakuna amlaumuye, kwani ni mkate wao anaoutafuta. Mtelezi huwaacha wake kwa ajili ya jambo ambalo wao hawatalila. Lakini twamjua pia mwanamume ambaye, akizuiwa kila furaha yenye hatari, hukaa nyumbani kama maiti aliyeketi, na watoto wake hawafaidi chochote kwa kuwapo kwake. Hatuthubutu kuweka kanuni moja kwa wote. Twathubutu kusema hili tu: mwenye mke na watoto amekwisha kuutoa uhai wake mara moja, mbele ya altare, na kile anachokipeleka mlimani si chake peke yake tena. Inampasa aombe ruhusa, tena aombe kwa kueleza ukweli wote, pamoja na ile sukari iliyo chini ya theluji. Wengi huomba ruhusa ya kwenda kutembea tu.

Turudi kwa wale wanne. Tuseme mmoja wao, labda aliye mdogo kwa umri, amefungua kinywa na kusema, Turudi. Hatapata shukrani. Wenzake watamtazama kwa uchungu, maana jua limetoka na mteremko wang'aa. Watateremka kupitia msituni, mbao begani, wakijikwaa katika mizizi na magogo yaliyofunikwa nusu. Huenda mteremko ule usikatike siku hiyo, wala wiki hiyo; huenda kundi jingine likapita juu yake saa sita mchana likicheka, na kijana yule akaambiwa habari hiyo jioni mezani. Hatajua kamwe kama alikuwa na haki. Mlima hautoi cheti kwa waliorudi.