Sindano ya Ganzi kwa Mama Azaaye

Wapo Wakatoliki wadhanio kwamba mama achomwaye sindano ya ganzi mgongoni ili ajifungue bila maumivu huikimbia hukumu aliyopewa Eva. Twasema sivyo. Adamu naye aliambiwa atakula kwa jasho, na ardhi itamzalia miiba. Je, padri gani aliyemkataza mkulima jembe la ng'ombe?

Tarehe 8 Januari 1956 Baba Mtakatifu Pio XII, akinena na madaktari juu ya kuzaa bila uchungu, alieleza kwamba Maandiko hayamzuii mama kutumia njia halali za kuupunguza. Mwaka 1957 akafundisha vivyo hivyo juu ya dawa za kuondoa maumivu.

Dawa hii huingizwa mgongoni, karibu na neva za uti wa mgongo. Mama hubaki macho, akisikia kilio cha kwanza cha mwanawe. Lakini yaweza kushusha shinikizo la damu. Hivyo yataka mganga stadi.

Basi, mume asimlaumu mkewe, wala mama mkwe asimcheke. Avumiliaye na kumtolea Mungu uchungu wake, tumheshimu. Aombaye nafuu, tusimdharau. Wote wawili ni mama wa kweli mbele ya Mungu.