Moyo Mtakatifu na Moyo wa Baba



Juni ndiyo hii, mwezi wa Moyo Mtakatifu wa Yesu. Jana baada ya Litania nilibaki kanisani nikiitazama ile picha ya Moyo uliozungukwa na miiba, nikamkumbuka baba mdogo.

Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu. Likizo ile alilalamika kwamba akipanda mlima kwenda kanisani kifua kinambana. Tukasema ni kiungulia tu, akanywa maji ya magadi. Usiku tukakaa barazani, nikamweleza anachofundisha Mtakatifu Thomas wa Akwino: mtu si roho iliyopanda mwili kama dereva na gari lake, bali mwili na roho ni mtu mmoja. Alifurahi sana. Ila sikumuuliza, "Baba, umewahi kupima presha?" Wiki mbili baadaye tulimzika.

Moyo unasukuma damu mwili mzima, lakini nao unahitaji damu yake. Mishipa inayoulisha ikijaa mafuta, njia inakuwa nyembamba. Ikiziba, msuli wa moyo unaanza kufa. Vinavyochangia tunaishi navyo: presha, kisukari, sigara, chumvi na mafuta mengi, unene, kukaa bila mazoezi.

Tumezoea kusema huo ni ugonjwa wa matajiri. Jamani, si kweli. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo tatu ya vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa ya damu hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huku kwetu chipsi zipo kila kona, bodaboda inatupeleka hata hapo jirani, na presha mara nyingi haina dalili. Mtu anakuja kugundua ameshachelewa.

Sisemi mgonjwa wa moyo ametenda dhambi. Yesu mwenyewe aliikataa hesabu hiyo walipomuuliza juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa. Ninachosema ni kwamba Amri ya Nne haiishii kwenye shikamoo. Mwana wa Mungu alitwaa moyo wa nyama kama wa baba yako. Huwezi kuuabudu ule na kuusahau huu.

Basi Jumapili hii, baada ya Misa, panga siku ya kumpeleka mzazi wako akapime presha na sukari. Nyumbani punguzeni chumvi: kwa siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Tembea kwa miguu. Na mtu akibanwa kifua, akatokwa jasho jembamba, au maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, msisubiri magadi wala asubuhi. Salini, ndiyo, lakini salini mkiwa njiani kwenda hospitali.

Ee Yesu, uliyeujua uchungu wa moyo wa mwanadamu, wapokee tuliowachelewa. Tufundishe kuwawahi waliobaki. Amina.