Mfuniko Unaporuka

Sufuria ikichemka, mfuniko huruka. Hatuugombezi mfuniko, tunatazama moto. Mwenzako kazini anayefoka, anayejisifu, anayewakatiza wengine, naye ana moto chini: anataka aonekane, anataka awe mmoja wenu. Mwanasaikolojia Kipling Williams na wenzake waliwatenga watu katika mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Waliotengwa waliumia, hata wale walioambiwa kwamba wanacheza na mashine tu. Haja hiyo ya kuwa mmoja wa wenzako haingoji akili iamue. Utasema, huko ni kumdekeza mkorofi. Hapana. Kosa lake likemee, tena waziwazi. Ila kukemea peke yake hakupunguzi moto. Leo, kabla hujamjibu, muulize kazi yake inaendaje, kisha msikilize mpaka amalize.