Zege Halilali, Je, Mtu Naye Asilale?

Mafundi wa Tanzania wana neno lao, husema, "Zege halilali." Neno hili ni la kweli. Saruji ikiisha kukutana na maji huanza kushikana, na zege lililochanganywa leo haliwezi kungoja kesho. Lakini nauliza: kwa kuwa zege halilali, je, mtu naye asilale?

Jumapili moja nalimwona kijana akisinzia wakati wa mahubiri, nikamkemea mbele ya watu. Baada ya ibada mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mchungaji, huyu jana alibeba karai tangu alfajiri hata taa zikawashwa, tena katika jengo letu sisi." Nikanyamaza, maana mpango wa siku ile naliupanga mimi pamoja na wazee wa kanisa. Tulihesabu mifuko ya saruji, na nondo, na kokoto. Mabega ya watu hatukuyahesabu.

Wengine watasema, "Kibarua alikubali mwenyewe, na ujira wake alipewa. Kosa li wapi?" Kulipa ujira ni haki kweli. Lakini mwenye njaa hukubali mengi, wala fedha haiponyi mgongo. Tukisoma Kutoka sura ya 5, twaona ya kuwa Farao hakuongeza hesabu ya matofali. Aliwanyima watu majani, akataka hesabu ile ile. Basi ukali wake ulikuwa katika mpango wa kazi. Naye Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aielezapo amri ikatazayo kuua, afundisha ya kuwa haitoshi kutomdhuru jirani. Yatupasa kumsaidia katika mahitaji ya mwili wake.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 9 kuwa mwisho wa kazi ya kawaida kwa siku, na saa 45 kwa juma. Tena afanyaye kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe saa moja ya kupumzika.

Zege lenyewe halizuii mambo haya. Kwa kuwa twajua mapema ya kuwa halingoji, na tuweke vikosi viwili vya kupokezana. Aliyebeba karai kwa muda apewe kazi nyepesi, na mwenziwe aingie. Mifuko ya saruji, ambayo kila mmoja una kilo 50, isogezwe karibu siku iliyotangulia, asubuhi kungali na baridi, isiachiwe watu waliokwisha kuchoka. Maana mtu aliyechoka mguu wake huteleza, wala haoni hatari iliyo mbele yake.

Gharama itaongezeka, tusijidanganye. Lakini gharama ile ilikuwapo tangu mwanzo. Sisi tuliificha tu katika mwili wa kibarua, naye akailipa.

Nalimwendea kijana yule nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Mchungaji, nimezoea." Neno hilo lanichoma hata leo. Basi, ninyi wazee wa sharika mnaojenga, kabla ya kuweka siku ya zege, waulizeni kwanza watakaolibeba.