Kiasi na Ukubwa katika Reli za Mfano

Reli ya mfano ni reli halisi iliyopunguzwa kwa uwiano maalumu, na uwiano huo ndio unaoamua itakula fedha na nafasi kiasi gani. Ulioenea zaidi ni 1:87, yaani HO. Ule wa 1:22.5, uitwao G, ulipata umaarufu baada ya kampuni ya Lehmann ya Ujerumani kutoa treni za LGB mwaka 1968, zinazoweza kukimbia hata bustanini. Behewa la mita 25 huwa na sentimita 29 hivi katika HO, ilhali katika G huzidi mita moja. Na urefu ndio unaoongezeka kidogo kuliko vyote: eneo huongezeka mara 15, ujazo karibu mara 58. Treni ya mabehewa kumi hufikia mita 11, na sebule nyingi haziwezi kuipokea hata ikiwa imesimama, sembuse ikizunguka.

Nyongeza yote hiyo inanunua nini? Katika kitabu chake cha 1962, La Pensée sauvage, Claude Lévi-Strauss alieleza kwamba kitu kilichopunguzwa humwezesha mtazamaji kukijua kizima kabla ya kuzijua sehemu zake. Hoja hiyo inawabana wapenzi wa treni kubwa. Kilomita moja ya reli ni mita 11.5 katika HO, lakini ni zaidi ya mita 44 katika G. Ukumbi uleule unaotosha bonde, daraja na stesheni mbili kwa uwiano mdogo, kwa uwiano mkubwa utatosha stesheni moja na kona yake. Mwenyewe amelipa zaidi, akapata nchi ndogo zaidi.

Hata hivyo, yapo mambo yasiyokubali kupunguzwa. Birika la mvuke likifanywa dogo, ujazo wake hushuka upesi kuliko eneo la kuta zake, hivyo joto hupotea haraka na moto hushindwa kulifidia. Ndiyo maana injini zinazoendeshwa kwa mvuke wa kweli hustawi zaidi katika vipimo vikubwa. Hapo ukubwa si fahari. Ni sharti la kazi yenyewe.

Aristotle, katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako, alipima matumizi makubwa kwa kufaa kwake, si kwa bei: mpira mzuri kabisa, ingawa ni wa bei ndogo, una ukuu wake ukiwa zawadi ya mtoto. Qurani, katika Sura ya 7 aya ya 31, inaruhusu mapambo, chakula na kinywaji, ikakataza kupindukia. Kwa vipimo hivyo viwili, mchezo wa gharama haulaumiwi kwa kuwa mchezo. Lakini nafasi ni suala zito kuliko fedha. Fedha huenda ni za mtu mwenyewe. Chumba ni cha watoto, cha wageni, cha nyumba nzima, nao hunyimwa kila siku reli ikiwa imetandazwa.

Vyama vingi vya wapenzi wa reli za mfano vimelijibu tatizo hilo kwa vitendo. Kila mwanachama hutengeneza kipande chake chenye ncha za kipimo kimoja na kukihifadhi nyumbani. Siku ya kukutana vipande huunganishwa katika ukumbi wa kukodi, treni ndefu zikapita, kisha jioni kila mmoja akabeba chake.