Amana Isiyouzika: M.K.O. Abiola na Swali la Mwenye Kura

Swali la iwapo mtu aliyepewa madaraka na watu anaweza kuyaachia kwa hiari yake, kama vile mdai anavyoweza kumsamehe mdaiwa wake, ni swali la kale katika falsafa ya siasa na katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, lakini ni nadra kuliona likibebwa na maisha ya mtu mmoja kwa uzito kama lilivyobebwa na maisha ya Moshood Kashimawo Olawale Abiola, mfanyabiashara wa Nigeria aliyeshinda uchaguzi wa rais wa tarehe 12 Juni 1993, akanyang'anywa ushindi huo na jeshi, na akafia kizuizini tarehe 7 Julai 1998. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Abiola alikuwa na haki ya kukataa kuyakana matokeo ya uchaguzi ule hata kwa bei ya uhuru wake, na kwamba haki hiyo haikutokana na usafi wa maisha yake ya nyuma, ambayo yalikuwa na madoa yake, bali ilitokana na aina ya kitu alichokuwa amekabidhiwa.

Abiola alizaliwa Abeokuta, mji wa Wayoruba kusini-magharibi mwa Nigeria, tarehe 24 Agosti 1937, akiwa mtoto wa 23 wa baba yake na wa kwanza kupona, kwa kuwa waliomtangulia wote walifariki wangali wachanga. Aliuza kuni tangu utotoni, akasoma katika shule ya Wabaptisti ya mji huo, ambako pia alisoma Olusegun Obasanjo aliyekuja kuwa mkuu wa nchi, kisha akaenda Uskoti kusomea uhasibu katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Utajiri wake mkubwa ulianzia ITT, kampuni ya mawasiliano ya Marekani, ambayo tawi lake la Nigeria alilisimamia katika miaka ya 1970, wakati serikali ya kijeshi, ikiwa na fedha nyingi za mafuta, ilipokuwa ikitoa zabuni kubwa za simu. Simu zenyewe ziliendelea kuwasumbua wananchi, na mwanamuziki Fela Kuti alimshambulia Abiola kwa jina katika wimbo ambao hadi leo Wanigeria wanaukumbuka. Baadaye yakaja magazeti ya Concord, yaliyoanza mwaka 1980, shirika la ndege, mashamba na maduka ya vitabu, na pamoja na hayo sadaka nyingi kwa misikiti, makanisa, shule na vyuo vikuu, kiasi kwamba jina lake lilifika vijijini ambako hakuna mwanasiasa aliyekuwa amefika. Mwaka 1992 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimpa uenyekiti wa jopo la watu mashuhuri lililoundwa kudai fidia ya biashara ya utumwa na ukoloni, jopo ambalo Profesa Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa mmoja wa wajumbe wake.

Hapa ndipo panapozuka pingamizi la kwanza, nalo si dogo. Inaulizwa: mtu aliyetajirika chini ya kivuli cha majenerali, na aliyekuwa rafiki wa Ibrahim Babangida, jenerali yuleyule aliyekuja kuufuta uchaguzi, anapata wapi hadhi ya kusimama kama shahidi wa haki za raia? Pingamizi hili lina nguvu iwapo swali ni nani anastahili kuitwa mtakatifu, lakini linapoteza nguvu pale swali linapokuwa ni nani mwenye mali iliyoibwa. Kilichofutwa mwaka 1993 hakikuwa mali ya Abiola. Wanajeshi wenyewe ndio walioviunda vyama viwili vilivyoruhusiwa, Social Democratic Party na National Republican Convention, wakaviandikia hata ilani zake, na bado wapigakura waliigeuza karatasi waliyopewa na watawala kuwa uamuzi wao wenyewe. Abiola, Mwislamu wa kusini, aliteuliwa na chama cha kwanza katika mkutano wa Jos, akamchukua Babagana Kingibe, Mwislamu wa kaskazini, kuwa mgombea mwenza, jambo ambalo katika nchi yenye Wakristo wengi kiasi kile lilitarajiwa kumwangusha. Halikumwangusha. Kwa hesabu zilizojulikana baadaye alipata kura zipatazo milioni 8.3 dhidi ya milioni 5.9 za mpinzani wake wa chama cha pili, Bashir Tofa, na akashinda hata Kano, jimbo la Tofa mwenyewe. Kwa kuwa kura zilihesabiwa na kutangazwa hadharani vituoni, matokeo yalikwisha kujulikana kabla ya tume ya uchaguzi kuzuiwa kuyatangaza na kabla ya Babangida kuufuta uchaguzi tarehe 23 Juni.

Ili kuelewa wajibu uliomwangukia Abiola siku hiyo, inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya siasa huyachanganya, yaani haki na amana. Mwenye haki anaweza kuisamehe, kwa sababu hasara ya kusamehe inamwangukia yeye mwenyewe, na dini zote humsifu anayesamehe. Mwekewa amana hana uwezo huo. Jirani aliyeachiwa mkufu wa dhahabu na msafiri hawezi kumpa mkufu huo mwizi anayegonga mlango kisha akajisifu kwa ukarimu, kwa kuwa alichokitoa si chake, na mafakihi wamekubaliana kwamba anayeitoa amana kwa mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe anakuwa amefanya khiyana na anawajibika kuilipa. Aya ya 58 ya Sura An-Nisaa inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na wafasiri wengi huihusisha na ufunguo wa Al-Kaaba, ambao Mtume, baada ya kuingia Makka akiwa mshindi mwenye uwezo wa kumpa amtakaye, aliurudisha mikononi mwa Uthman bin Talha. Funzo la tukio hilo halihusu mali tu, kwani ufunguo ule ulikuwa wadhifa. John Locke, akiandika Uingereza mwishoni mwa karne ya 17 kwa misingi tofauti, alifikia mahali palepale: mamlaka ya kutawala ni kitu kilichokabidhiwa kwa lengo maalumu, na yakisalitiwa hurudi kwa watu waliokabidhi, wala hayamwendei mwenye bunduki.

Kwa kipimo hicho mwenendo wa Abiola haukuwa mnyoofu tangu mwanzo, na haki inadai hilo lisemwe waziwazi. Katika miezi ya kwanza alitenda kama mfanyabiashara anayetafuta maafikiano: aliondoka nchini Agosti 1993 kutafuta msaada London na Washington wakati wafuasi wake wakikabiliana na polisi mitaani, na Jenerali Sani Abacha alipotwaa madaraka tarehe 17 Novemba, yeye na watu wake wa karibu walitumaini kwamba mwanajeshi huyo angemrudishia ushindi wake. Kingibe, mgombea mwenza aliyechaguliwa kwa kura zilezile, akakubali kuwa waziri wa mambo ya nje wa Abacha. Kutaka kuikomboa amana kwa mazungumzo si khiyana, lakini kumtumaini mnyang'anyi mpya dhidi ya mnyang'anyi wa zamani lilikuwa kosa la hukumu, na waliolilipia ni wengi. Ilimchukua Abiola takriban mwaka mzima kufika Epetedo, mtaa wa Kisiwa cha Lagos, ambako tarehe 11 Juni 1994 alijitangaza hadharani kuwa rais, akakamatwa siku chache baadaye na kushtakiwa kwa uhaini.

Kizuizini ndiko mfanyabiashara alikokutana na kitu kisicho na bei. Zaidi ya mara moja aliahidiwa uhuru kwa sharti la kuacha madai yake, naye akakataa, wakati biashara zake zikiporomoka na magazeti yake yakifungwa. Mke wake Kudirat, aliyekuwa akiongoza kampeni ya kumtetea, aliuawa kwa risasi mjini Lagos tarehe 4 Juni 1996. Jinsi upweke wake ulivyokuwa mzito ilidhihirika Kofi Annan alipomtembelea mwaka 1998, baada ya kifo cha Abacha: Abiola hakumtambua mgeni wake, na alipoambiwa kuwa ndiye Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliuliza yule Mmisri yuko wapi, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba Boutros Boutros-Ghali, mtangulizi wa Annan, alikwisha kuondoka. Annan alieleza baada ya hapo kwamba Abiola hakutarajia kutoka kizuizini na kuapishwa, kauli ambayo wafuasi wake waliipinga vikali. Hata ikikubaliwa, kauli hiyo haibatilishi hoja, kwa sababu kukiri kwamba amana haiwezi tena kutekelezwa ni jambo moja, na kutia saini kwamba haikuwahi kukabidhiwa ni jambo jingine kabisa.

Tofauti hiyo inajibu pia hoja ya maslahi, inayosema kwamba kiongozi mwenye huruma angejitoa ili kuepusha umwagaji damu. Mwekewa amana anaruhusiwa kuchagua wakati na njia, anaruhusiwa kusubiri, kunyamaza, hata kukubali serikali ya mpito. Asichoruhusiwa ni kuukana ukweli wa watu waliosimama kwenye mistari tarehe 12 Juni, wakiwemo waliompigia Tofa, kwani hata kura za aliyeshindwa zilifutwa pamoja na za mshindi. Amani iliyonunuliwa kwa kuukana ukweli huo ingewapa majenerali kibali cha kuufuta uchaguzi wowote, mradi tu wampate mshindi mmoja wa kumbana.

Abiola aliugua ghafla akiwa katika kikao na ujumbe wa Marekani, ambamo walikuwemo Thomas Pickering na Susan Rice, akafariki siku hiyohiyo; madaktari wa kimataifa waliouchunguza mwili wake walisema ni ugonjwa wa moyo, na Wanigeria wengi hawajawahi kuridhika. Mwaka 2018 Rais Muhammadu Buhari aliifanya tarehe 12 Juni kuwa Siku ya Demokrasia, akaiomba radhi familia ya marehemu kwa niaba ya taifa, na akamtunuku Abiola nishani ya GCFR, ambayo kwa desturi hupewa wakuu wa nchi. Katika hafla hiyohiyo Kingibe naye alitunukiwa GCON, nishani inayofuata kwa daraja. Kumtukuza katika hafla moja aliyeilinda amana hadi kifo na aliyeiacha kwa ajili ya uwaziri kulikuwa kosa la kimaadili, na radhi iliyotolewa siku ile ilipungua kwa kiasi hicho.